Waliokusanywa na Josho

Hotuba kwa wafugaji wa upande wa Elmenteita, kaunti ya Nakuru, siku moja baada ya josho, mtaro wa kuogeshea ng'ombe dawa ya kuua kupe, kujazwa dawa upya

Mheshimiwa chifu, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliowaachia watoto ng'ombe ili mje kusikiliza: hamjambo? Na ng'ombe hawajambo?

Mnacheka, lakini marehemu baba hakuitikia salamu mpaka aulizwe sehemu zote mbili.

Nimeambiwa niseme kidogo juu ya asili ya kijiji hiki na tabia ya watu wake, nikapewa dakika ishirini. Chifu ameshaangalia saa mara moja. Anajua kwamba afisa mifugo akistaafu hubaki na maneno aliyonyimwa nafasi ya kuyasema kazini. Nitajitahidi.

Nimekuja na daftari hili. Waliokaa nyuma hawalioni vizuri, basi nieleze. Jalada la mbele limetoka. Kurasa zimeshikana kwenye kona kwa sababu ya madoa ya dawa, na ukilisogeza puani, kama ulizaliwa hapa, utakumbuka Alhamisi, siku ya josho. Ni daftari la josho. Baba yangu alikuwa mtunza josho hili tangu shamba lilipokuwa la mzungu, akaendelea kampuni ya wananchi iliponunua, akaliacha macho yalipomshinda. Kila ukurasa una safu nne: jina la mwenye ng'ombe, wakubwa wangapi, ndama wangapi, halafu kando kabisa amechora sikio. Sikio la ng'ombe, dogo kama punje ya hindi, likiwa na alama ya mwenyewe: aliyekata ncha, aliyepasua katikati, aliyetoboa tundu. Baba alisoma darasa tatu tu. Majina aliyaandika kama alivyoyasikia, kwa hiyo kuna wazee wetu humu ambao hata wajukuu wao hawangewatambua kwa tahajia. Masikio lakini hakukosea hata moja.

Nataka kudai jambo moja leo, na atakayebisha anione baada ya chai. Kijiji hiki hakikuanzia kwenye lango la mzungu, wala hakikuanzia siku tulipopewa hatimiliki. Kilianzia hapa, kwenye huu mtaro wa saruji.

Najua swali linalotusumbua. Ukienda Nakuru mjini, ukiomba kazi au ukitaka tu kukaa kwenye benchi na watu, utaulizwa: "Kwenu ni wapi?" Ukisema Elmenteita, wanatikisa kichwa. "Hapana, kwenu kwenu." Mimi nimeulizwa hivyo tangu nikiwa msichana, na nina wajukuu.

Basi twende nyuma. Ninyi mnaochunga upande wa Eburru mmewahi kuokota yale mawe meusi yanayong'aa kama chupa, yenye makali ya kukata kidole. Watoto huyachezea. Yale ni visu. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kulikuwa na wafugaji katika bonde hili, wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi, na mawe ya kutengenezea visu vyao waliyachimba huko huko juu Eburru. Wataalamu wa mambo ya kale waliwapa watu hao jina la ziwa letu, wakauita utamaduni wao wa Elmenteita. Kwa hiyo mtu akikuuliza nani alikuwa wa kwanza kufuga hapa, mwambie alikuwa mtu mwenye kisu cha jiwe, na lugha yake hatuijui.

Baadaye bonde likawa la Wamaasai, na majina waliyotuachia yanatosha kuwa shahidi. Nakuru wanasema ni mahali pa vumbi, na Elmenteita vilevile ina vumbi ndani yake. Hapo hakuna haja ya mtaalamu, njooni tu mwezi wa pili. Reli ikafika Nakuru mwaka wa 1900. Mwaka wa 1904 Wamaasai wakawekewa mkataba wa kuhama bondeni, wengine kwenda Laikipia na wengine kusini, na wakaahidiwa kwamba makubaliano hayo yatadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Yalidumu miaka saba. Mwaka wa 1911 wale wa Laikipia wakaambiwa wahame tena, na walipokwenda mahakamani kesi yao ikatupwa mwaka wa 1913. Hayo nayapita haraka, si kwa sababu ni madogo, ila mnayajua.

Ninapotaka kukaa kidogo ni Njoro.

Mwaka wa 1903 Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipewa ekari 100,000 kule Njoro. Nyasi zilikuwa zinafika magotini, maji yapo, baridi ya kupendeza. Akaleta fahali wa kizungu, akaleta kondoo wa merino kutoka New Zealand. Wakafa. Baadhi kwa ndigana inayoletwa na kupe na magonjwa mengine tunayoyajua, lakini kulikuwa na kifo kingine cha ajabu: mnyama anakula, tumbo limejaa, na bado anakonda mpaka unahesabu mbavu ukiwa umesimama barabarani. Ilichukua miaka mingi kugundua kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na madini ya kobalti. Ugonjwa huo wataalamu waliuita Nakuruitis. Darasani tulipofika ukurasa huo, sisi wawili tuliotoka Nakuru tuliangaliana kama watu waliotajwa kanisani. Mji wetu una ugonjwa wake vitabuni, na ni ugonjwa wa kufa njaa katikati ya majani.

Mchungaji wa zamani hakujua kobalti ni nini. Alijua kwamba mahali pengine ng'ombe wakikaa sana wanaharibika, na dawa yake ni kuhama, kuwapeleka kwenye chumvi, kuwarudisha baadaye. Delamere naye mwishowe alihamisha mifugo, akaja huku kwetu, Soysambu. Na sasa oneni maajabu: wachungaji wake aliowategemea kuliko wote walikuwa Wamaasai. Watu walioondolewa kwa mkataba wakarudi kwenye malisho yaleyale, safari hii wakiwa na mshahara na posho, wakichunga ng'ombe wa mtu mwingine. Kile kilima mnachokiona kule ng'ambo ya ziwa, kinachofanana na mtu aliyelala chali, mpaka leo tunakiita Pua ya Delamere. Sijui pua hiyo inanusa nini siku hizi.

Mashamba mengine ya ukanda huu yakajaa watu hivyohivyo. Walikuja Wakikuyu kutafuta mahali pa kulisha mbuzi na kulima. Walikuja Wakalenjin na Waturkana, waliosifiwa kwa ng'ombe. Walikuja Waluhya na Wajaluo kukama, kujenga, kuendesha matrekta. Hawakuja kuanzisha kijiji. Walikuja kama maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 ilisema skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndipo aishi pale, na sheria ya mwaka wa 1937 ikafungua njia ya kufika siku 270. Kipande, ile hati ya kazi, shingoni. Na ukiwa na mifugo yako mwenyewe, ole wako. Miaka ya 1920 walowezi waliamua ng'ombe na mbuzi wa maskwota wanamaliza majani na kuleta magonjwa, wakawaondoa kwa nguvu mashambani. Wazee waliuita wakati huo Kifagio. Bibi yangu mzaa baba alifagiwa. Alikuwa na mbuzi arobaini, akabaki na ufagio wa kweli mkononi, maana aliajiriwa kufagia ua wa jikoni kwa bwana. Alikuwa akitusimulia hivyo huku akicheka, nasi tukicheka, na sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima kwamba halikuwa jambo la kuchekesha.

Kwa hiyo watu wetu walikaa pamoja kama mizigo inavyokaa pamoja kwenye lori. Kila kundi na kambi yake, kila kambi na lugha yake, na nyapara juu ya wote.

Isipokuwa siku ya josho.

Waliozaliwa baada ya mwaka wa 1995 hawakuiona, basi niwaonyeshe. Saa kumi na moja alfajiri ng'ombe wanapelekwa mtoni kwanza. Lazima wanywe washibe, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu akiingia kwenye josho atakunywa dawa, na siku za mwanzo dawa yenyewe ilikuwa aseniki. Kisha wanasubiri kwenye boma la nje mpaka wapoe. Halafu wanaingia uchochoro wa mbao mmoja mmoja, wanapita kwenye maji ya kuosha kwato, na mbele yao sakafu inaisha ghafla. Ng'ombe hapendi sakafu inayoisha. Anasimama, anatoa macho, anayefuata anamsukuma kwa kifua. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na ng'ombe wa mbele, jike mzee aliyezoea, anayeruka bila kufikiri na wengine wanamfuata. Anazama mpaka kichwa, anaibuka anapiga chafya, anaogelea, anapanda ngazi za upande wa pili, anasimama kwenye sakafu ya kuchuruzika, dawa inarudi ndani tone kwa tone. Ndama tuliwashika sisi watoto, mmoja mbele mmoja nyuma, tukawatumbukiza. Nguo zilizobaki na harufu ile hazikuvaliwa kanisani.

Sasa sikilizeni hapa. Dawa ikikaa wiki nzima inalala chini. Ng'ombe wa kwanza kuruka wanaikoroga tu, wenyewe hawapati dawa ya kutosha, kwa hiyo ishirini hivi wa kwanza lazima warudishwe waruke mara ya pili. Na hakuna mfugaji anayetaka ng'ombe wake waruke mara mbili. Wanachoka, wenye mimba wanaweza kuumia, na siku yako inakuisha hapo. Nani basi awe wa kwanza? Ugomvi wa kwanza wa kijiji hiki, wazee wanasema, ulikuwa huo. Fimbo zilitolewa. Waliopigana hawakuelewana hata matusi.

Baba akaleta daftari. Akaandika kila mtu na ng'ombe wake, akaweka zamu, na zamu haikuangalia kabila, wala ukubwa wa kundi, wala nani aliwahi kufika. Ukurasa ukigeuzwa, jina linalofuata ndilo la kwanza wiki hii. Mwenye ng'ombe sitini na mwenye ng'ombe wawili, wote walikoroga zamu yao ilipofika. Hata ng'ombe wa bwana, shamba lilipokuwa bado la bwana, kuna Alhamisi nyapara alikubali wakoroge. Iko humu, mwezi wa saba, baba ameipigia mstari mara mbili.

Hapo ndipo tulipopata lugha. Kila mtu aliwaita ng'ombe wake kwa lugha ya mama yake, na ng'ombe walijua. Lakini kumwambia jirani "wako amempiga wangu pembe" kulihitaji Kiswahili. Kikawa Kiswahili cha josho, chenye amri nyingi kuliko salamu, kwa sababu walimu wetu walikuwa manyapara. "Leta ngombe. Funga mulango." Tukienda shuleni mwalimu kutoka Mombasa alishika kichwa. Mimi nasema lugha iliyozuia fimbo isidharauliwe.

Na hapo ndipo tulipopata tabia. Mgeni akija hapa anatuona watu wagumu wa maneno. Ni kweli. Hatumuulizi mtu kwao ni wapi, tunamuuliza wake ni wangapi. Lakini mkiwa mmehesabu ng'ombe wa jirani kila wiki kwa miaka ishirini, huwezi kutojua siku mmoja amepungua. Mwanamke akijifungua na ng'ombe wake amekauka, jioni hiyo kuna mtu anamletea wake anayekamwa, akae naye mpaka mtoto aanze uji. Hakuna anayeandika. Jambo pekee ambalo hatukuwahi kuliandika ni hilo.

Ubaya wetu pia tuuseme, maana josho lilikaa kavu miaka yote hiyo na si mvua iliyolikausha. Kampuni ilinunua shamba miaka ya 1970, watu wakachanga shilingi zao, baadaye tukagawana ekari na kupewa karatasi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kisha miaka ya 1990 serikali ikapunguza mkono wake kwenye huduma za mifugo, dawa ikawa juu ya wafugaji wenyewe. Tukaunda kamati, tukachanga. Fedha zikaliwa. Sitataja aliyezila, na tafadhali acheni kumwangalia. Mbao za uchochoro zikaenda moja moja usiku. Ukipita kwenye vibanda fulani vya kuku utaona ubao uliolainishwa na mbavu za ng'ombe.

Kila mtu akanunua bomba la mkono, akanyunyizia nyumbani kwake, nyuma ya seng'enge yake. Mimi nikiwa wa kwanza. Nilikuwa afisa mifugo, nani angenifundisha? Nilikuwa na mtamba wa Sahiwal, mwekundu, mbegu ya lile kundi la Naivasha lililotokana na ng'ombe walioletwa kutoka bara Hindi. Nilimnyunyizia kila wiki kwa vipimo sahihi. Lakini maji tulinywesha palepale na wengine, njia ilikuwa moja, na kupe wa ng'ombe asiyeogeshwa huanguka majanini akamngoja anayefuata. Jumatatu moja nikampapasa chini ya sikio nikakuta uvimbe kama limau. Jumatano alikuwa anahema mdomo wazi. Ijumaa povu puani. Nilikuwa na dawa kabatini, nilikuwa na cheti ukutani, na nikamzika. Jirani aliyenisaidia kuchimba alikuwa amepoteza wawili mwezi huohuo na hakuniambia. Tulikuwa tumeacha kuhesabiana.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mnakumbuka wenyewe barabara kuu ilivyokuwa, Naivasha mpaka Nakuru. Baadhi ya majirani waliondoka usiku na ng'ombe wakabaki wakizurura. Wazee watatu, wa makabila matatu, walikuja nyumbani kumuomba mama daftari hili. Baba hakuwepo tena. Wakakamata ng'ombe mmoja mmoja, wakalinganisha sikio na mchoro, na kumpeleka kwenye boma la mtu wa kumtunzia mwenyewe. Ng'ombe wa mwaka huo hawakuwa wale wa baba, lakini alama ya sikio hurithiwa kama jina. Wengi walirudi kwa wenyewe walipotulia. Wawili waliliwa, tusidanganyane.

Vijana mmeniambia kuna chanjo ya ndigana kali. Ipo, ni ya kazi ya watafiti wa Muguga, inadungwa mara moja, na mwenye uwezo achanje. Haimzuii kupe anayeleta ndigana baridi, wala yule wa kukojoa damu. Na kuna mwingine amesema josho ni mambo ya wazee, tugawe hii nusu ekari tujenge maduka. Kijana, duka hata moja halijawahi kutufanya tusimame foleni pamoja na mtu tusiyempenda.

Basi. Dawa imeingizwa jana, imelala chini sasa hivi. Mbao ni mpya, kwa hiyo ng'ombe wataogopa zaidi. Nimenunua daftari jipya, hili la jalada gumu, na nimechora safu nne. Alhamisi saa kumi na mbili tunaanza, na wanahitajika ishirini wa kukoroga. Nimejiandika wa kwanza: ng'ombe watano, ndama mmoja, sikio la kushoto limepasuliwa katikati. Wamebaki kumi na watano. Kalamu imefungwa kwa uzi hapa mezani, na mkichora sikio, tafadhali lifanane.